Kijito Finyu, Vichaka Vingi: Mshipi Urushwe Vipi?

Anayejifunza kuvua kwa nzi bandia kwa kawaida huanzia kwenye uwanja wa nyasi. Mwalimu humwonyesha namna ya kuinua fimbo, kuisimamisha karibu na bega, kuusubiri mshipi unyooke nyuma, kisha kuusukuma mbele. Baada ya mazoezi ya siku chache huweza kuufikisha mshipi mita kumi na zaidi bila taabu. Halafu hupanda mlimani, kwenye kijito chenye upana wa hatua tatu au nne kilichofunikwa na mianzi na matawi, na katika mrusho wa kwanza ndoana hunasa kwenye mti ulio nyuma yake.

Akiomba ushauri, mkanganyiko huzidi. Mmoja humwambia anunue fimbo fupi inayopita chini ya matawi. Mwingine humwambia anunue fimbo ndefu ili afike mbali bila kurusha. Wa tatu husema asirushe kabisa, bali aivute fimbo kama upinde na kuiachia. Wa nne husema rili yenyewe, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, haina kazi kwenye maji madogo. Wote hao wamevua samaki kwa njia zao, na hakuna anayedanganya.

Tatizo ni kwamba kila ushauri ulizaliwa kwenye aina fulani ya kijito, kisha ukaenezwa kama kanuni ya vijito vyote. Uchambuzi huu unapitia njia hizo moja baada ya nyingine, nguvu zake na udhaifu wake, kwa kuuliza swali moja ambalo mabishano ya fimbo hulisahau: mahali hapa, nafasi iliyo wazi iko wapi?

## Kwa nini vijito hivi ni vigumu

Trauti ni samaki wa maji baridi yenye hewa nyingi, na katika nchi za joto maji hayo hupatikana milimani tu. Nchini Kenya, mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, yaliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, na samaki wakapandwa katika mto Gura, kwenye safu ya Nyandarua. Trauti wa upinde wa mvua alifuata baadaye, na kituo cha kuzalisha vifaranga kikajengwa Kiganjo, Nyeri. Leo trauti wanaishi katika mito kama Gura, Chania, Sagana, Thiba na Burguret, inayoteremka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya. Sehemu za juu za mito hii hupita kwenye ukanda wa mianzi na misitu minene, ambako kingo zimejaa mimea inayowasha, miiba na miti iliyolala juu ya maji.

Hali hiyo haiko Kenya peke yake. Katika milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, trauti wa asili ya huko huishi kwenye vijito vilivyofunikwa na vichaka vya rododendroni, na vijito vya milima ya Japani navyo vina misitu na mawe yake. Sababu ni ileile kila mahali: kichaka ndicho kinachomweka samaki pale. Kivuli huyafanya maji yabaki baridi, mizizi huzishikilia kingo zisimomonyoke, na kutoka kwenye majani huanguka siafu, mende na panzi ambao ni chakula kizuri cha trauti.

Ugumu wa pili umo kwenye mshipi wenyewe. Katika uvuvi wa kawaida wa ndoana, chubwi huwa na uzito na huuvuta mshipi nyuma yake. Nzi bandia, aliyefungwa kwa manyoya na nyuzi, karibu hana uzito wowote. Hapa mshipi ndio wenye uzito: huipinda fimbo, na fimbo inapojinyoosha huusukuma mshipi uende mbele kwa umbo la kitanzi. Vipimo vya mishipi vilivyokubaliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960 hupima uzito wa futi 30 za mwanzo, yaani mita 9.1. Kwa urefu huo, mshipi namba 5 una gramu 9 hivi, namba 4 gramu 7.8, na namba 3 gramu 6.5. Fimbo zenye namba hizo huundwa zikitarajia mzigo huo.

Sasa hesabu hiyo ipelekwe kijitoni. Samaki yuko mita sita kutoka nchani mwa fimbo. Uzi wa nailoni unaounganisha mshipi na nzi kwa kawaida una mita 2.7. Mshipi wenye uzito uliotoka nje ni mita 3.3 tu, tena ni sehemu yake ya mbele iliyo nyembamba. Fimbo inabeba theluthi moja ya mzigo wake, pengine pungufu. Haipindi vya kutosha, mvuvi anafidia kwa kuongeza nguvu za mkono, kitanzi kinapanuka, na matawi yanakipokea.

Ugumu wa tatu ni macho ya samaki. Mwanga unapoingia majini hupinda, kwa hiyo trauti huuona ulimwengu wa nje kupitia duara juu yake lenye upana wa mara mbili na robo hivi ya kina alichopo. Akiwa sentimita 30 chini, duara lake lina sentimita 68 tu. Vitu vilivyo chini karibu na uso wa maji husongamana kwenye ukingo wa duara hilo na huonekana kwa shida. Vilivyoinuka huonekana vizuri. Mtu mzima aliyesimama mita sita kutoka kwa samaki yuko kwenye pembe ya digrii 16 hivi. Akichuchumaa hadi kimo cha mita moja, pembe inashuka chini ya digrii 10. Tofauti hiyo ndogo ya magoti mara nyingi huamua kama samaki atabaki au atakimbia, hata kabla mshipi haujarushwa.

## Njia ya kwanza: fimbo fupi na mrusho wa ubavuni

Wanaotetea fimbo fupi, za mita 1.8 hadi 2.1, wana hoja iliyo wazi. Fimbo hiyo hubebwa kwa urahisi kichakani, na hata ikipungwa nafasi yake ni ndogo. Badala ya kuupitisha mshipi juu ya kichwa, mvuvi huulaza mkono na kuurusha mshipi ubavuni, sambamba na maji, kwenye uwazi ulio chini ya matawi. Vijito vingi vina uwazi wa namna hiyo: matawi huanzia mita moja au moja na nusu juu ya maji, na chini yake pako wazi. Mrusho wa ubavuni pia huificha fimbo, kwa kuwa haipiti juu ya upeo wa macho ya samaki.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, bado unahitaji nafasi ya nyuma. Mshipi wa mita tano mbele huhitaji karibu urefu huohuo nyuma, na kama mvuvi amesimama ukingoni, mianzi ikiwa mgongoni, kuulaza mkono hakumsaidii. Pili, ni mgumu kulenga. Katika mrusho wa juu ya kichwa, mvuvi akichelewa au akiwahi kidogo kuisimamisha fimbo, nzi hutua mbele au nyuma ya lengo lakini bado kwenye mstari. Fimbo ikiwa imelala, kosa hilohilo humpeleka nzi kushoto au kulia, na kwenye kijito chembamba kushoto na kulia ndiko kwenye vichaka.

Mfano wa Lee Wulff, mvuvi maarufu wa Marekani katika karne ya 20, hutajwa mara nyingi kuunga mkono fimbo fupi, kwa kuwa alivua hata samoni wa Atlantiki kwa fimbo za futi sita. Mfano huo unathibitisha kwamba fimbo fupi inaweza kumdhibiti samaki mkubwa mikononi mwa bingwa. Hauthibitishi kwamba inafaa kwenye vichaka, maana mito ya samoni ni mipana na iliyo wazi. Kwenye maji madogo fimbo fupi ina hasara ambayo Wulff hakuwa na sababu ya kuijali sana: haiwezi kuuinua mshipi juu ya mikondo midogo inayoushika na kumburuta nzi, na trauti humkataa nzi anayeburutwa.

## Njia ya pili: kuyategemea maji

Kama nyuma hakuna nafasi, maji yanaweza kufanya kazi ya mrusho wa nyuma. Njia hii ina sura mbili.

Ya kwanza ni kuuviringisha mshipi. Mvuvi huuvuta mshipi taratibu juu ya maji hadi fimbo iinuke na kupita kidogo bega lake, kisha hutulia. Mshipi huning'inia nyuma ya fimbo kwa umbo la tumbo, huku ncha yake ikibaki imeshikwa na maji mbele. Akiisukuma fimbo mbele na kuisimamisha ghafla, mshipi hujiviringisha kuelekea lengo. Hakuna kinachopita nyuma zaidi ya mita moja au mbili. Gharama yake ni kelele: kuubandua mshipi majini huyachafua maji ya kidimbwi kilichotulia. Tena mrusho huu hupenda fimbo ndefu kidogo, kwa sababu tumbo la mshipi linategemea kimo cha ncha ya fimbo. Mwenye fimbo ya mita 1.8 na mshipi mwepesi wa namba 2 au 3 huupata kwa shida.

Ya pili haijulikani sana kwa wanaoanza, ilhali ndiyo rahisi kuliko zote. Mvuvi akiwa ndani ya maji, akiuelekea mkondo, humwacha nzi apite na kushuka nyuma yake mpaka mshipi unyooke wote chini ya mto. Mkondo unauvuta, ncha ya fimbo inapinda kidogo. Sasa, akitazama juu ya mto, anauongoza mkono mbele kwa mwendo mmoja unaoongezeka kasi, na kuusimamisha ncha ikiwa juu ya lengo. Mkazo wa maji umeijaza fimbo nguvu ambayo mshipi mfupi haungeweza kuipa. Hapungi mara ya pili wala hauinui mshipi hewani nyuma yake.

Njia hii inaendana na fundisho la zamani. Mwaka 1857, mvuvi wa Scotland W. C. Stewart alichapisha kitabu *The Practical Angler*, akisisitiza kuvua kwa kupanda mto, kwa mshipi mfupi, huku mvuvi akimkaribia samaki kutoka nyuma. Trauti huuelekea mkondo, kwa hiyo anayetoka chini ya mto humkuta amegeuza mkia. Kwenye vichaka kuna faida nyingine: mara nyingi uwazi pekee ni mto wenyewe, na anayetembea katikati yake ana nafasi mbele na nyuma hata pale ambapo kingo zote mbili zimefungwa.

Hasara nayo ipo. Kutembea majini husukuma mawimbi na kutibua tope, hasa kwenye vidimbwi visivyo na kasi. Mkondo humrudisha nzi kwa haraka, na mvuvi lazima aukusanye mshipi kwa kasi hiyohiyo, la sivyo samaki akila hatahisi kitu. Na katika hifadhi za Nyandarua na Mlima Kenya, uoto mnene huweza kumficha nyati au tembo hatua chache tu mbele; kuongozana na askari wa wanyamapori ni jambo la busara.

## Njia ya tatu: upinde

Kuna mahali ambapo hakuna nafasi nyuma, juu wala ubavuni: shimo chini ya mti ulioanguka, au mfereji ambao rododendroni imeufunika kama paa. Hapo ndipo Joe Humphreys wa Pennsylvania alipojipatia jina. Humphreys, aliyelirithi darasa la uvuvi la George Harvey katika chuo kikuu cha Penn State, aliifundisha kwa miaka mingi njia ya kuivuta fimbo kama upinde.

Utekelezaji wake unahitaji uangalifu wa vidole. Mshipi na uzi hutolewa kwa urefu unaokaribia ule wa fimbo. Mkono mmoja huibana fimbo na mshipi pamoja ili rili isitoe zaidi. Mkono mwingine humshika nzi kwa kidole gumba na cha shahada kwenye mpindo wa ndoana, ncha kali ikiangalia nje, mbali na ngozi. Fimbo huelekezwa kwenye lengo, nzi huvutwa nyuma mpaka ncha ya fimbo ipinde, kisha vidole hufunguka. Kuachia ni kufungua tu. Mvuvi akimsukuma nzi, ndoana humchoma.

Nguvu ya njia hii ni usahihi. Nzi hupita kwenye tundu la ukubwa wa sahani na kutua bila kishindo. Udhaifu wake ni umbali: kwa fimbo ya mita 2.3, nzi hufika mita nne na nusu hivi kutoka mkononi. Bingwa huongeza kidogo kwa kushika pete za mshipi pamoja na nzi, lakini wengi hubaki hapo. Kwa hiyo anayeitegemea lazima ajue kunyatia. Tena baada ya nzi kutua, mvuvi ana nafasi ndogo ya kuinua fimbo ili kumnasa samaki, na akinasa hana pa kumchosha isipokuwa mlemle vichakani.

## Njia ya nne: fimbo ndefu isiyo na rili

Kando ya maziwa na mito ya Afrika Mashariki, ufito wenye mshipi uliofungwa nchani ni chombo kinachofahamika hata kwa watoto. Wajapani wameufikisha mfumo huo mbali katika tenkara: fimbo nyepesi ya mita 3.3 hadi 4, mshipi mwembamba wenye urefu unaokaribiana na wa fimbo, uzi mfupi, na nzi mmoja. Wavuvi wa bonde la Valsesia, kaskazini mwa Italia, nao wana mtindo wa asili unaofanana nao. Tenkara iliingia katika soko la Marekani mwaka 2009 na ikapata wafuasi upesi, hasa kwa sababu ya usahili wa vifaa vyake.

Faida yake kubwa ni udhibiti. Kwa fimbo ndefu, mshipi wote huinuliwa hewani na nzi peke yake hugusa maji. Mikondo mitatu tofauti kati ya mvuvi na samaki haina tena kitu cha kushika, na nzi hukaa nyuma ya jiwe kwa sekunde kadhaa akielea kama mdudu aliyeanguka. Kwenye vijito vya mawe na maporomoko madogo, hakuna njia nyingine inayoshindana na hii. Mrusho ni mwepesi, kwa kuwa mshipi ni mfupi na fimbo ni laini.

Lakini fimbo ya mita 3.6 huhitaji anga. Chini ya paa la matawi, ncha yake hugonga majani kila mvuvi anapojaribu kumnasa samaki. Ikisimama wima mkononi, kilele chake hufika mita nne au tano juu ya maji, pahali ambapo samaki huona vizuri. Na kwa kuwa hakuna rili, samaki mkubwa akikimbilia mizizi hakuna mshipi wa kumpa. Wanaoisifu kwa vijito vidogo kwa kawaida huwa na picha ya kijito kidogo kilicho wazi juu, na wanaoilaani huwa na picha ya kijito kilichofunikwa. Wote wanasema kweli kuhusu maji yao.

## Vipi kama kichaka kingefyekwa?

Baadhi ya wavuvi hulikwepa swali lote kwa kubeba panga. Matawi machache yakikatwa, mrusho wa kawaida unawezekana. Hoja hii inaeleweka, ila inaharibu kile inachokitafuta. Tawi lililokatwa liliwapa samaki kivuli, maficho na wadudu; likiondoka, maji hupata joto na trauti huhama. Joto la maji likipita nyuzi 20 hivi, trauti huanza kuhangaika. Katika hifadhi za taifa ukataji huo ni kosa la kisheria. Vilevile, nailoni iliyoachwa ikining'inia mitini huwanasa ndege na popo, kwa hiyo mrusho ulioshindwa unapaswa kufuatwa na juhudi ya kuuondoa uzi, hata kama kidimbwi kitavurugika.

## Kupima uzito wa kila hoja

Zikiwekwa pamoja, njia hizi zinagawana mazingira. Mrusho wa ubavuni unafaa pale uwazi ulipo chini ya matawi na nyuma pana nafasi. Kuviringisha mshipi kunafaa pale nyuma pamefungwa na mbele pana maji yenye kasi ya kuficha kelele. Kuutumia mkazo wa mkondo kunafaa kwa anayepanda katikati ya mto. Upinde ni wa mashimo yaliyofungwa pande zote, na fimbo ndefu bila rili ni ya vijito vya mawe vilivyo wazi juu.

Kwa kuwa mvuvi mmoja hukutana na hali hizo zote ndani ya kilomita moja ya kijito, kifaa cha kumfaa ni kile kinachokubali njia nyingi, hata kama si bora katika moja. Fimbo ya mita 2.1 hadi 2.4 inakidhi sharti hilo. Inaviringisha vizuri kuliko fimbo ya mita 1.8, inavutika kama upinde, na inapita chini ya matawi ambako fimbo ya tenkara haiwezi. Kwa umbali mfupi wa vijito, kuivika mshipi mzito kwa namba moja, kwa mfano namba 4 kwenye fimbo ya namba 3, huirudishia sehemu ya mzigo inaoukosa. Mshipi huo hutua kwa kishindo zaidi, na kwenye maji mafupi yenye kasi hiyo ni bei ndogo.

Urefu wa uzi wa nailoni ni suala la mizani vilevile. Uzi wa mita 2.7 humtenga nzi mbali na mshipi, jambo zuri kwa samaki mwoga, lakini huupunguza mshipi wenye uzito. Uzi wa mita 1.8 hadi 2.1 hunyooka vizuri zaidi kwenye mrusho mfupi. Kwa vijito vingi vya msituni ufupi una faida zaidi, kwa sababu trauti wa maji yasiyo na chakula kingi huamua haraka. Ule mrefu ubaki kwa vidimbwi vilivyotulia na vyenye jua.

Mpangilio wa kujifunza nao unastahili kubadilika. Anayekusudia kuvua vijito vya misitu angeanza na mkazo wa mkondo na upinde, ambavyo havihitaji nafasi nyuma na hufahamika kwa muda mfupi, kisha aongeze kuviringisha. Mrusho wa juu ya kichwa ungefuata, kwa ajili ya mabwawa na mito mipana.

## Muhtasari

Mabishano kuhusu fimbo fupi na ndefu yamedumu kwa sababu kila upande unajibu kijito chake. Vikwazo halisi ni vitatu: nafasi iliyofungwa, mshipi usio na uzito wa kutosha kwa umbali mfupi, na samaki anayeona chochote kilichoinuka. Hakuna njia inayovishinda vyote kwa pamoja. Fimbo ya urefu wa kati, mshipi mzito kidogo na uzi mfupi vinatoa wigo mpana zaidi, na tenkara inabaki bora kwa vijito vya mawe vilivyo wazi juu. Mvuvi anayechuchumaa, anayekaribia kutoka chini ya mto na anayetazama kwanza uwazi uko upande gani atahitaji mrusho wa mita chache tu. Yapo pia mashimo ambayo hakuna mrusho utakaoyafikia bila kukata kichaka. Hayo yaachwe, maana ndiyo maficho ambako samaki wa msimu ujao wanakulia.